Lenzi imetangulia kamera

Kisumu, Jumapili jioni

Ndugu yangu Kiprono,

Salamu nyingi kwako na kwa mama Chela. Sisi huku tu wazima, ila joto. Nimenyamaza tangu mazishi ya babake Wafula, na najua utasema Otieno huandika akiwa na shida tu. Haya, nina shida.

Nimenunua lenzi. Kamera sina.

Usicheke kwanza. Jamaa fulani hapa mjini alikuwa anauza Nikkor, lenzi ya Nikon, ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa. Unajua vile nimeitamani picha ya mashua za omena zikitoka Dunga jioni, taa ndiyo zinawashwa. Kwa simu, taa hizo hutoka kama minyoo ya manjano. Tundu la 1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya lile la 5.6, basi nikalipa papo hapo. Juzi nikaifunga kwenye kamera ya Wafula, Nikon D3500: kimya. Haijilengi. Kumbe lenzi za D hazina mota ya kulenga, zinategemea ya kamera, na D3500 nayo haina! Inabidi nizungushe pete kwa mkono, na mashua haisubiri mtu. Sasa ndiyo naelewa kwa nini yule jamaa alikuwa akitabasamu vile.

Wafula amenishikilia ninunue Canon R50, ile ya 2023. Haina kioo ndani, inatafuta jicho la mtu yenyewe, na ukichungulia unaona picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza. Kwa mwanafunzi kama mimi hilo si dogo, sikatai. Megapikseli asiniimbie, zote mbili zina 24. Lakini lenzi inayouzwa nayo ukiivuta hadi mwisho tundu lake ni dogo, f/6.3, na mimi kazi yangu ni ya giza. Halafu betri. Ya D3500 Nikon wenyewe wanaihesabia picha 1,550, ya R50 haifiki hata nusu, na stima za huku unazijua.

Kwa hivyo moyo uko kwa D3500, na yule mzee wako wa Section 58 huko Nakuru nasikia anauza yake. Ila hii lenzi sasa... Nikon D7200 ina mota, lakini kutafuta D7200 kwa sababu ya lenzi ni kununua ng'ombe kwa sababu una kamba.

Nisaidie. Pita kwake, piga picha moja na kamera yake, unitumie faili yenyewe kwa barua pepe, si WhatsApp. Idadi ya picha ilizopiga tangu ilipotoka kiwandani imefichwa humo, na WhatsApp huifuta ukituma kama picha ya kawaida.

Anataka ngapi? Atapunguza ukimwambia ni mimi, au ndiyo ataongeza? Hiyo 50mm ningeipeleka wapi? Wewe wakati ule wa harusi ulianza na ipi? Na Chela alifaulu?

Wako,
Otieno