Kabla hujawapeleka watoto mwambani

Shoga yangu Neema,

Salamu nyingi, wewe na wote wa nyumbani. Nimefurahi kusikia bamvua ijayo, siku maji yanapojaa na kupwa sana, unawapeleka wanafunzi Paje, Zanzibar, kutembea mwambani maji yakipwa. Ila nakuomba usimpuuze samaki-jiwe, yule mwenye miba ya sumu mgongoni.

Usitegemee kumwona. Ngozi yake ina vinundu na imeota mwani, rangi yake ndiyo ya tumbawe alilolalia. Pengine amejifukia mchangani, yamebaki macho na mdomo uliotazama juu. Hukaa hivyo saa nyingi. Kisamaki kikipita mbele yake, hufumbua kinywa ghafla na kukivuta ndani pamoja na maji, kwa sekunde kama 0.02 hivi. Ukimkaribia, hakimbii. Kuburuza miguu kunamfukuza samaki taa, lakini yeye utamkanyaga pale pale. Na hata maji yakimwacha pakavu, anabaki hai saa kadhaa.

Mgongoni ana miba 13, kila mmoja umevikwa ngozi na una vifuko viwili vya sumu. Uzito wa mguu ndio unaoisukuma ngozi chini; vifuko vinabanwa, sumu inapanda kwenye vijifereji vya mwiba mpaka ndani ya nyama. Kandambili hutobolewa. Wavae viatu vya kufunga vyenye soli nene, ingawa hata hizo si kinga kamili. Wakanyage penye mchanga mweupe, na asitie mtu mkono chini ya jiwe.

Beba beseni na chupa mbili za chai zilizojaa maji ya moto. Mtoto akichomwa, mtoe majini, tumbukiza mguu kwenye maji ya nyuzi 45 hivi, kwa dakika 30 hadi 90. Sumu hii ni protini, joto huiharibu. Pima kwa mkono wako wewe: mguu wenye maumivu yale hausikii moto sawasawa, na wengine huunguzwa hapo. Kila ukiongeza maji, mguu utoke kwanza. Chupa mbili hazifiki dakika 90, kwa hiyo patana na jiko la jirani wakuchemshie mengine.

Usifunge kamba, usichanje, usinyonye, usiweke barafu. Hospitali aende hata maumivu yakitulia: kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, kuna pepopunda, na moyo lazima uangaliwe. Gari lisiondoke.

Bamvua hapo maji hukauka kama saa nne asubuhi. Nijulishe siku mliyochagua.

Wako,
Mwanaidi