Mwacheni Rafiki Atunze Siri: Barua kwa Waandishi wa Tamthilia

Wanangu na wajukuu zangu mnaotuandikia tamthilia,

Salaam. Mimi sijambo, ni magoti tu, na hayo ndiyo yanayonikalisha mbele ya runinga kila usiku. Kazi yenu naiona: picha zinang'aa, wachezaji wanalia machozi ya kweli. Nina neno moja, nalo ni juu ya marafiki mnaowaandika.

Shoga wa bibi harusi akitokea tu mlangoni, sisi nyumbani tunaanza kubashiri: huyu atamchukua mume, au atakwenda kwa mganga? Hatukosei. Na rafiki akiwa mwanamume, mwenzake mwanamke, hapo hata kubashiri hakuna. Mvua itanyesha, gari litaharibika, watajikuta gesti.

Najua kwa nini. Kila sehemu inataka kisa, na adui wa nje lazima umtafutie mlango wa kuingilia. Rafiki yumo ndani tayari: haingii kwa hodi, anajua pesa zinafichwa wapi, anajua mtoto ni wa nani. Lakini siri ikishatoboka imekwisha. Mnapata kelele za siku mbili, kisha mnahangaika kutafuta nyingine. Mwandikeni mwanamke anayejua mtoto ni wa nani, amekaa mkeka mmoja na mama mkwe wanamenya vitunguu, anaulizwa, anajibu, "Mimi sijui, mama." Kesho aulizwe tena. Sisi huku tutakuwa roho juu kuliko siku ya kutoboa.

Wengine tulikulia kwenye sinema za Kihindi. Kihindi hatukijui, lakini Sholay ya mwaka 1975 ilitutoa machozi ukumbi mzima. Amitabh Bachchan ni Jai, Dharmendra ni Veeru, wezi wawili walioshibana. Wakishindwa kukata shauri, Jai anarusha sarafu. Mwishoni majambazi wamewabana, risasi zinakwisha, mmoja aende kuleta nyingine na mmoja abaki. Jai anarusha sarafu. Inamwangukia yeye kubaki. Veeru anaporudi anamkuta mwenziwe anakata roho. Anaiokota ile sarafu, anaigeuza: pande zote mbili ni sawa. Sisi tulishazoea kwamba steringi hafi! Na tazameni ilivyofumwa: sarafu tumeiona tangu mwanzo tukadhani ni masihara. Kila mmoja wao ana mwanamke anayempenda humo humo kwenye filamu, wala urafiki haukukosa nafasi.

Msiniambie hayo ni ya Bombay. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyetupa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alituachia mpelelezi Bwana Msa na rafiki yake Najum. Mmoja ana kiko na akili nyingi, mwingine anamfuata akiuliza yale ambayo msomaji naye angeuliza. Tulisoma kitabu baada ya kitabu kwa hamu ya mauaji, ndiyo, lakini pia kwa hamu ya kuwasikia wale wawili wakizungumza. Hapakuhitajika Najum awe msaliti ndipo tufungue ukurasa.

Wasaliti wapo, sisemi muwafute. Nasema urafiki una ugomvi wake wenyewe na hamjaugusa. Kuna upatu: zamu ya shoga imefika, naye mwenye kukusanya ana mtoto hospitali. Kuna msiba: nani akae karibu na mfiwa, rafiki wa miaka yote au wifi aliyefika jana? Kuna mwanamume anayemsomeshea jirani yake mjane mtoto, hamtaki kwa lolote, na mtaa mzima umekataa kuamini. Hiyo peke yake ni msimu mzima. Na kuna khanga. Tulikuwa tunanunua doti moja, tunaikata, kila mtu na kipande chake. Sasa umwone mdogo wa shoga yako kajitanda kipande kile. Hutasema neno, lakini chai siku hiyo hainyweki.

Ipo tamthilia ya Jumatano, jina sitalitaja. Yule msusi amejua jambo la mwenzake na mpaka wiki iliyopita alikuwa bado kanyamaza. Mwandishi wake, kama unasoma hapa, najua mtayarishaji anakusukuma na watu mitandaoni wanataka fujo. Mwongezee msusi sehemu tano nyingine, mdomo umefungwa. Mimi na magoti yangu tutakuwapo.

Bibi yenu,
Tanga