Usiondoke Kabla Hujajua Linakataa Lini

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila mimi usingizi umekuwa wa kuviziana tangu ulete ule ujumbe wa sauti kuhusu gari. Nimeusikiliza mara nne. Unasema, "Mama, limewaka, usiwe na wasiwasi." Hapo hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanzia. Gari lililokufa kabisa linabaki nyumbani na fundi akija anaukuta ugonjwa umelala pale pale. Lako linakataa jioni, asubuhi linawaka kwa mguso mmoja, na wewe unataka kuliingiza barabarani Ijumaa usiku, mwendo wa saa tisa njiani, peke yako. Nakuomba usiondoke kabla hujajua linakataa lini na kwa nini.

Betri mpya umeshanunua. Sigombi kwa sababu ya pesa, nagomba kwa sababu ile betri ya zamani hukuipima. Gari likilala usiku mzima, betri iliyojaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 bado inafaa, 12.2 imebaki kama nusu. Kisha mtu anapiga stata wewe ukiangalia multimita, kile kipimo cha umeme: namba isishuke chini ya 9.6. Injini ikishawaka, oltaneta, ile inayochaji betri, inatakiwa kupeleka kati ya 13.8 na 14.5. Vipimo hivyo ni vya dakika tano, na vingekuambia kama ile ya zamani ilikuwa na kosa au imeonewa. Mimi naamini imeonewa, na nitakwambia kwa nini.

Katika ujumbe wako, nyuma ya maneno yako, injini inasikika ikizunguka kwa nguvu. Nimehesabu sekunde sita. Inazunguka vizuri, haishiki. Betri iliyochoka haizungushi hivyo, huvuta kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Lakini umesema pia kuna siku ilitoa "tk" moja, ikanyamaza. Hayo ni magonjwa mawili, usiyaite yote "gari kukataa" ukampelekea fundi fungu moja. Ukimwambia hivyo atabadilisha kitu kimoja, litawaka siku tatu, mtashukuru, halafu litakuacha njiani.

Nianze na "tk", maana hiyo inanihusu. Fungua boneti, angalia kichwa hasi cha betri. Kama hukukitoa ulipobadilisha, utakuta kipande cha bati kimekunjwa ndani ya kibano. Ni mimi niliyekiweka ili kibano kikaze. Nilikusudia kununua kibano kipya kabla sijakukabidhi gari, siku zikapita. Kitoe. Kisafishe kichwa kwa brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, weka kibano kipya, funga mpaka ukijaribu kukizungusha kwa mkono kisisogee. Kisha fuata waya mnene mweusi mpaka unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini, nako usugue. Kuhakikisha, weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibano, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu stata ipigwe. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotelea kwenye waya huo au maungio yake. Upande chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti nene ya stata, usizidi 0.5. Kama pande zote mbili ni safi na bado "tk" inarudi, basi viguso vya shaba ndani ya solenoidi, swichi ya umeme iliyo kwenye stata, vimelika, na hapo stata ishushwe. Na kwa kuwa gia zako ni otomatiki, siku isipotoa sauti yoyote jaribu kuwasha ukiwa kwenye N (gia huru) badala ya P (ya kuegesha). Ikiwaka kwenye N, swichi ya gia ndiyo yenye matatizo.

Ila kinachoniogopesha ni lile la kuzunguka bila kushika. Umesema limetokea mara mbili, zote baada ya kuendesha mwendo mrefu, ukazima, ukakaa kama dakika ishirini. Asubuhi likiwa baridi halijawahi. Mwanangu, hiyo taarifa ina thamani kuliko ile betri. Injini ikizimwa, maji na feni vimesimama, kwa hiyo joto la chuma linapanda kwanza kabla ya kushuka. Kitu kilichokuwa kinavumilia kikiwa njiani kinashindwa hapo. Na ukaongeza mwenyewe kwamba mshale wa mizunguko ulikuwa umelala kwenye sifuri wakati injini inazunguka. Nilimwita baba yako aje asikie. Wangapi wanaangalia mshale wakati gari limewakatalia? Halafu ukaenda kununua betri! Uliona jibu ukalipita.

Inayotangulia katika orodha yangu ni sensa ya kranki, ile shafti kuu ya injini. Ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta haitoi moto kwenye plagi wala haifungui injekta zinazonyunyiza petroli. Waya wake wa ndani ukiwa na ufa, joto linautanua ufa, mawasiliano yanakatika. Ikipoa unaungana tena. Lakini usiinunue bado. Kwenye magari mengine mshale hausogei stata ikipigwa hata gari likiwa zima, ndiyo maana nataka uazime skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, usome mizunguko wakati wa kupiga stata. Injini inayozungushwa na stata huonyesha kama 150 hadi 250 kwa dakika. Likikataa huku skana ikionyesha sifuri, chukua kitambaa kilicholowa maji baridi, kiweke juu ya sensa kama mkono unafika bila kugusa feni wala ekzosi, subiri dakika chache, jaribu tena. Likiwaka, umeshamkamata. Kagua pia soketi yake na waya wake, mara nyingi mafuta ya injini yameingia au waya umesuguana na chuma. Na fundi akikwambia "mashine haioneshi kosa lolote", usikubali kwamba gari ni zima. Kosa la kuja na kuondoka mara nyingi haliachi alama kwenye kompyuta.

Kama skana inaonyesha mizunguko na bado haishiki, geukia mafuta. Washa swichi bila kupiga stata, usikilize upande wa tanki: pampu inatakiwa kunguruma kama sekunde mbili kisha inyamaze. Isiponguruma, badilishanisha relei yake, ile swichi ndogo ya umeme, na ya honi kama namba zimeandikwa sawa. Ikinguruma, washa na uzime swichi mara tatu, kisha piga stata. Likishika haraka kwa njia hiyo, presha ya mafuta inavuja ukizima, ama kupitia vali ya pampu au injekta inayodondosha. Injekta inayodondosha utaijua kwa harufu ya petroli na moshi mweusi likiwaka. Hapo kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini huku unapiga stata, kompyuta nyingi zitazuia petroli na injini itapumua. Kukataa baada ya kujaza tanki ni habari nyingine, hiyo mara nyingi ni vali inayovuta mvuke wa petroli, imeganda wazi. Wewe hukusema hivyo, nimeitaja tu uijue.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Pumzisha dakika nzima. Petroli isiyoungua ikishuka kwenye ekzosi, gari likija kushika litaunguza katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi.

Chukua daftari, andika kila likikataa: saa, injini ilikuwa ya moto au baridi, limezimwa dakika ngapi, tanki lina kiasi gani, sauti gani, mshale uko wapi. Andika kabla hujagusa kitu. Halafu Jumatano na Alhamisi ulitafute kosa kwa makusudi: endesha saa nzima, zima, subiri dakika ishirini, washa. Fanya hivyo mara tatu mchana, karibu na nyumba. Usiposhika kosa, panda basi. Kazi mpya itakupokea hata ukifika kwa basi.

Multimita iko kwenye droo ya cherehani, mdogo wako atakuletea kesho. Badilisha betri yake ndogo ya volti 9 kwanza, ikiisha nguvu namba zinadanganya. Mwambie arudi na ufunguo wa stoo aliouchukua, na blanketi langu la bluu ulilosema utalirudisha. Baba yako anauliza kama utaiacha meza au unaenda nayo, anataka kuirekebisha mguu. Na ile ngazi, usimwazime jirani tena mpaka arudishe koleo.

Alhamisi jioni nipigie, unisomee daftari. Usinitumie neno moja la "limewaka". Nisomee mistari yote.

Mama yako