Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: Salio la nafuu ya ushuru lirudishwe kwa mfanyakazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha,
Jengo la Hazina,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka Mombasa. Mimi ni karani wa mishahara. Kila mwisho wa mwezi hupiga hesabu za walinzi wa usiku, wafagiaji na wapakiaji wa maghala, na kila mwezi kuna tarakimu moja ambayo sheria inanilazimu niiache ipotee. Naomba uitazame pamoja nami.

Chukua mlinzi anayelipwa shilingi 18,000. Kabla hajagusa kitu, NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, inachukua asilimia 6, yaani 1,080. SHA, bima ya afya ya serikali, inachukua asilimia 2.75, yaani 495. Ushuru wa nyumba za bei nafuu unachukua asilimia 1.5, yaani 270. Jumla ni 1,845, na zinabaki 16,155. Hizo ndizo zinazokokotolewa PAYE, ushuru unaokatwa kwenye mshahara: asilimia 10 inatoa 1,615 na senti 50. Kisha inakuja nafuu ya kibinafsi, kiasi anachopunguziwa kila mlipa ushuru, ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Inafuta PAYE yote, na bado zinasalia shilingi 784 na senti 50.

Salio hilo halimfikii mlinzi, wala haliwekwi hadi mwezi ujao. Sheria inasema nafuu haiwezi kuzidi ushuru anaodaiwa mtu, basi. Kwa mwaka mzima salio hilo ni shilingi 9,414, zaidi ya nusu ya mshahara wake wa mwezi. Mkurugenzi anayelipwa milioni moja huitumia nafuu ile ile yote, hadi senti ya mwisho. Kadiri mtu anavyopata kidogo, ndivyo nafuu inavyomfaa kidogo. Sidhani hilo ndilo Bunge lilikusudia lilipoiongeza kutoka 1,408 hadi 2,400 Aprili 2020, wakati wa korona, ili kuwapa wafanyakazi pumzi.

Desemba 2024 mambo yalirekebishwa: makato ya nyumba na ya SHA sasa huondolewa kabla ya PAYE kukokotolewa. Kwa mwenye mshahara wa kati ilikuwa ahueni ya kweli, nami niliiona kwenye hesabu zangu. Lakini mlinzi wa 18,000 hakuongezewa hata senti moja, kwa sababu PAYE yake ilikuwa sufuri tangu zamani. Sheria hiyo hiyo ilipandisha kiwango cha riba ya mkopo wa nyumba kinachoondolewa kwenye hesabu ya ushuru kutoka 300,000 hadi 360,000 kwa mwaka. Anayelipa ushuru wa asilimia 30, akitumia nafasi hiyo kikamilifu, anaokoa shilingi 108,000 kwa mwaka, yaani 9,000 kila mwezi. Mheshimiwa, huyo tayari ana nyumba na benki inayomwamini. Yule anayelinda lango la nyumba hiyo ananyimwa 784.

Najua jibu linalotolewa mara nyingi: wa mshahara mdogo halipi ushuru, basi arudishiwe nini? Kwa heshima, hilo si kweli. Halipi PAYE, lakini ushuru anaulipa kila siku. Mafuta ya magari yalipandishiwa VAT, ushuru wa ongezeko la thamani, kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, na nauli ya matatu haikubaki nyuma. Mafuta taa yana tozo ya shilingi 18 kwa lita tangu 2018, iliyowekwa ili kuwazuia wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Wanaochanganya ni matapeli wa malori, ila anayelipa ni mama anayepimiwa mafuta ya kumi au ishirini dukani jioni. Unga wa mahindi na mkate wa kawaida havitozwi VAT, na gesi ya kupikia iliondolewa VAT mwaka 2023. Kwa hayo twashukuru. Hata hivyo, unafuu wa gesi humfaa zaidi anayejaza mtungi wa kilo 13 kuliko yule ambaye hajawahi kuwa na pesa za kununua mtungi wenyewe.

Ndiyo maana naomba nafuu hii iwe ya kurejeshwa. Si wazo geni duniani. Kanada ilipoanza kutoza ushuru wake wa bidhaa na huduma mwaka 1991, iliambatanisha malipo ya kila robo mwaka kwa kaya za kipato kidogo, kwa kutambua kwamba ushuru wa dukani humuumiza zaidi asiye nacho. Marekani imekuwa ikiwarudishia wafanyakazi wa mishahara midogo tangu 1975, hata pale salio linapozidi ushuru wanaodaiwa.

Kwetu kuanza ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri, na hapa nazungumza kama mtu wa kazi hiyo. Kila mwezi, kabla ya tarehe 9 kupita, waajiri hupeleka KRA, mamlaka ya ushuru, orodha ya wafanyakazi wote: PIN (nambari ya mlipa ushuru), mshahara, makato, nafuu. Salio la kila mmoja linahesabika papo hapo. Mwajiri aruhusiwe kulilipa pamoja na mshahara, kisha alipunguze kwenye jumla ya PAYE anayowasilisha kwa ajili ya wafanyakazi wake wengine. Hakuna ofisi mpya, hakuna foleni, hakuna fomu ya kujaza kwa chifu. Mwajiri ambaye wafanyakazi wake wote ni wa mishahara midogo atakuwa hana PAYE ya kupunguza, na huyo KRA imrudishie moja kwa moja.

Kuna kundi kubwa zaidi ambalo kalamu yangu haifiki: mama mboga, kijana wa bodaboda, mvuvi wa Likoni. Hawa hawana hati ya mshahara na nafuu ya kibinafsi hawaijui hata kwa jina. Lakini SHA tayari inakadiria kipato cha kaya zao ili iwatoze asilimia 2.75. Kipimo hicho kina lawama zake, na wengi wanalalamika kwamba wamekadiriwa pesa wasizokuwa nazo, hivyo kirekebishwe kwanza. Kikisharekebishwa, serikali inayoweza kupima kipato cha mama mboga ili imtoze inaweza kukipima ili imrudishie kitu, kila robo mwaka, kwenye simu yake. Mpango wa serikali wa Inua Jamii umekuwa ukiwafikishia wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, japo mara nyingine kwa kuchelewa. Njia ya kupitisha pesa tunayo.

Ikiwa Hazina haina fedha, naomba mpunguze kwanza ile nafasi ya 360,000 ya riba kabla ya kuniambia kwamba 784 haiwezekani.

Mswada wa Fedha hufika Bungeni kabla ya Aprili kwisha. Naomba ujao uwe na kipengele cha kurekebisha sehemu ya 30 ya Sheria ya Ushuru wa Mapato, ili nafuu inayobaki ilipwe kwa mwenyewe, na kingine cha kuitaka Hazina ipitie upya ile 2,400 kila mwaka kulingana na bei za sokoni. Wizara ikiita wananchi kutoa maoni, nitakuja na hesabu zangu.

Wako mtiifu,
Karani wa mishahara,
Mombasa.