Siku ya bure baada ya dhoruba ina kazi zake

Mhariri,

Shule na ofisi zikifungwa kwa sababu ya upepo, nusu ya watu hukimbilia ufukweni kutazama mawimbi, nusu hulala na simu. Tunawaandikia wanaotaka kuitumia siku hiyo nyumbani na watoto wao. Itakuja tu: kimbunga kiliipiga Lindi Aprili 1952, Kenneth kikatukosakosa Aprili 2019 na kuingilia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na Mei 2024 ikawa zamu ya Hidaya. Tazameni miezi hiyo. Yote ni mwishoni mwa masika, mikorosho haijachanua na watoto wako masomoni.

Upepo ukinyamaza ghafla, msitoke. Huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo ukirudi hutokea upande wa pili, ukalinyanyua lile bati lililokwisha kulegea. Subirini tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni.

Kukitulia kweli, mtu mzima mmoja atangulie nje, watoto wabaki kibarazani. Aangalie nyaya zilizoanguka, hasa zilizolalia uzio wa bati au waya wa kuanikia nguo, kwani umeme husafiri humo hadi kwa jirani. Ndani, kama ukuta umelowa, zima swichi kubwa. Kama ni mkavu, chomoa friji na televisheni, uache taa moja tu imewashwa iwape habari. Umeme hurudi kwa kusitasita na hapo ndipo friji huungua. Taa ikitulia dakika 10, chomekeni.

Paa lisubiri jua likaushe bati, maana bati bichi linateleza kama utelezi wa bamia. Anayepanda akanyage penye misumari, kwa kuwa chini yake ndipo ilipo papi, ile mbao inayopigiliwa bati. Kosa tunaloliona kila mara ni kurudishia msumari kwenye tundu lilelile: mbao imeshapanuka, hautashika hata upigwe vipi. Toboa pembeni, sentimita 2 au 3, juu ya mgongo wa bati na si kwenye bonde lake ambamo maji hupita, kisha tundu la zamani lizibwe kwa lami. Ukingoni mwa paa pigeni msumari kila mgongo wa pili, kwa sababu upepo huanzia hapo. Na paa likiwa limeondoka zima, usimlaumu muuza bati. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zililazwa tu juu ya tofali bila waya wa kuzifunga ukutani, basi. Fundi atakayerudisha apitishe waya mnene chini ya mistari mitatu ya tofali kabla ya kuufunga kwenye kenchi.

Watoto nao wana kazi. Chukueni sumaku ya spika mbovu, mfunge kamba, waiburure uani wakiwa wamevaa viatu. Misumari iliyong'oka itanasa yenyewe, na mashindano ya nani kapata mingi huwachukua asubuhi nzima.

Maji ya kisima kifupi msiyaamini siku hiyo, maana mvua imeshasomba vya chooni. Chujeni kwa kitambaa safi, kisha chemsheni mpaka yatokote dakika moja. Kuni zikiwa mbichi, tumieni klorini ya kufulia ya asilimia 5 isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, yaani 40 kwa ndoo ya lita 20, na mara mbili yake maji yakiwa na tope. Korogeni, mngoje nusu saa. Yakinukia klorini kwa mbali, yanafaa.

Mvua ikiendelea, wengi huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Hilo huua. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala haitoi machozi kama moshi wa kuni, mtu husinzia tu. Jiko likae barazani, hata kama wali utachelewa.

Friji isiyofunguliwa hutunza chakula saa 4 hivi, friza iliyojaa siku 2. Samaki ndio wa kuwahi. Wapasueni mgongoni, watoeni matumbo na damu yote iliyoganda kwenye uti (hiyo ndiyo huanza kuoza), kisha chumvi kilo 1 kwa samaki kilo 3. Wapangeni kwenye ndoo mpaka jua litoke, ndipo waanikwe wawe ng'onda. Anayebana chumvi huishia kuwamwaga.

Mnazi ulioinama huku mizizi ikiwa ardhini bado ni mzima, muuache. Uliokatika hauchipui tena, una kilele kimoja tu, basi kitoeni mle. Vipande vyake hubadilika rangi upesi, vitumbukizeni kwenye maji ya ndimu.

Jioni, kabla uani hapajakauka, chimbeni bao palepale chini. Mchanga uliolowa hushika shimo kuliko wa kiangazi. Mashimo 32, safu nne za manane, na kete 64. Komwe zikipungua, korosho ghafi zitafaa, ila mtoto asitie hata moja mdomoni, mafuta ya ganda lake yanababua.

Wazazi wa Mikindani,
Mtwara