Karata isiyo na bei isomwe kabla ya kutupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua ili nijibu ushauri ambao mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani aliwapa vijana wanaoanza kucheza karata za kukusanya, hasa Magic: The Gathering. Aliwaambia wanunue karata zilizomo katika mafungu ya mabingwa, wazipange vilevile zilivyopangwa, na zile nyingine zote zinazotoka kwenye pakiti wazigawe au wazitupe kwa kuwa ni magarasa. Sina ugomvi na kuiga mabingwa, kwa sababu kila anayejifunza huanza kwa kuiga. Ninachopinga ni hilo la pili, maana linamzoesha kijana kuangalia bei kabla ya kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye karata, ilhali mchezo huu, tangu Richard Garfield alipoubuni na ukaingia sokoni mwaka 1993, umesimama juu ya maneno hayo.

Kwa wasomaji wasioufahamu, katika mashindano ya kawaida kila mchezaji huja na fungu alilolipanga mwenyewe, lenye karata zisizopungua 60, na haruhusiwi kuweka zaidi ya nakala nne za karata moja, isipokuwa zile za ardhi za msingi, zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine. Huanza na karata saba mkononi na pointi 20 za uhai, kisha kila zamu yake inapofika hulamba karata moja kutoka juu ya rundo lake, yaani karata za fungu lake ambazo bado hazijalambwa. Naomba msomaji aikumbuke hiyo karata moja ya kila zamu, kwa kuwa hoja yangu yote inaizunguka.

Mwaka 2004, katika toleo lililoitwa Fifth Dawn, ilitoka karata ya Lantern of Insight. Ni taa inayogharimu mana moja tu. Ikishawekwa mezani, karata ya juu ya rundo lako na ya rundo la mpinzani hukaa zimefunuliwa, wote mnaziona; na ukikubali kuitoa kafara, mchezaji utakayemchagua atachanga upya rundo lake. Basi. Haishambulii, hailindi, wala haikuongezei chochote mkononi. Anayeipima ikiwa peke yake ataona kwamba ametumia karata nzima kununua habari, tena habari ambayo mpinzani wake naye anaipata bure. Ndiyo maana kwa miaka mingi haikuwa na nafasi katika mafungu ya washindani wakubwa.

Mjenzi wa fungu huiuliza karata ya namna hiyo swali tofauti: ni kitu gani kikiwekwa kando yake kitaifanya habari hiyo imuumize mpinzani? Jibu lilikuja kidogo kidogo. Mwaka 2011, katika Innistrad, ilitoka Ghoulcaller's Bell, kengele ya mana moja inayomlazimisha kila mchezaji kuitupa karata ya juu ya rundo lake. Mwaka 2012, katika Return to Ravnica, ikatoka Codex Shredder, nayo ya mana moja, inayofanya kazi hiyohiyo kwa mchezaji mmoja utakayemchagua. Hakuna aliyekuwa akizigombea hizo nazo. Kutupa karata moja ya juu bila kuijua ni kubahatisha, kwani huenda umemwondolea mwenzako karata mbaya ukamletea nzuri. Lakini taa ikiwapo mezani, bahati nasibu imekwisha.

Tuichukue zamu moja tuitazame. Taa iko mezani pamoja na Codex Shredder mbili, na mpinzani anakaribia kulamba. Juu ya rundo lake inaonekana ardhi, naye ardhi anazo za kumtosha: unamwachia ailambe. Zamu inayofuata inaonekana karata ya kuvunjia vifaa (karata za aina ya hiyo taa na Shredder), ambayo ingekuharibia kila kitu. Unatumia Shredder ya kwanza kabla hajalamba, inakwenda kaburini, yaani kwenye karata zilizotupwa, na chini yake anatokeza kiumbe mkubwa. Unatumia ya pili, na sasa imekaa karata ambayo haina kazi tena katika hali iliyopo mezani. Analamba hiyo. Kama ile ya tatu nayo ingekuwa ya hatari, ungekuwa huna la kufanya, na hapo ndipo mjenzi anapogundua kwamba vifaa viwili vya kutupa karata havitoshi, na kwamba idadi yake lazima iongezeke hata kwa gharama ya kuacha karata nyingine anazozipenda.

Taa hushughulikia karata ambazo bado hazijalambwa. Zilizokwisha kufika mkononi mwa mpinzani huhitaji Thoughtseize na Inquisition of Kozilek, ambazo humfanya aonyeshe mkono wake, kisha wewe ukachagua ya kutupwa. Viumbe waliokwisha kushuka mezani huzuiwa na Ensnaring Bridge, daraja la kunasa, karata ya mwaka 1998, inayokataza kushambulia kiumbe yeyote ambaye nguvu yake inazidi idadi ya karata zilizo mkononi mwako. Kwa kuwa karibu kila kitu katika fungu hili kinagharimu mana moja au hakigharimu kitu, mkono wako unamalizika upesi, na anayeshika mkono mtupu hafikiwi hata na kiumbe mwenye nguvu ya moja. Tazama, Mhariri, jinsi unafuu wa ile taa, ambao ulikuwa dalili ya udhaifu wake, ulivyogeuka kuwa sababu ya daraja hilo kufanya kazi.

Fungu hilo halikubaki wazo la mezani. Septemba 2015, Zac Elsik alilichezea katika mashindano ya Grand Prix ya Oklahoma City, Marekani, akatwaa ubingwa, miaka 11 baada ya taa kuchapishwa. Februari 2018, Luis Salvatto wa Argentina alishinda Pro Tour, mashindano ya ngazi ya juu ya mchezo huu, mjini Bilbao, Hispania, akiwa na fungu la aina hiyohiyo. Wala si mara ya kwanza kwa karata iliyodharauliwa kupanda hivyo: Necropotence ya mwaka 1995 ilionekana na wengi kuwa karata ya kujiua, kwa sababu inakutaka ulipe uhai wako ili upate karata, na kufikia mwaka 1996 ilikuwa imetawala mashindano.

Naona pia ni haki kueleza ugumu wa kazi yenyewe, maana anayewatia vijana moyo bila kuwaambia hesabu anawapoteza. Ukiweka nakala nne za taa katika fungu la karata 60, uwezekano wa kuipata angalau moja katika zile saba za mwanzo ni karibu asilimia 40. Yaani zaidi ya nusu ya michezo utaanza bila karata ambayo fungu zima limejengwa kwa ajili yake. Kwa hiyo kujenga juu ya karata moja kunadai karata za kuitafuta. Wajenzi wa fungu hili waliigeukia Ancient Stirrings ya mwaka 2010, ambayo kwa mana moja ya kijani hukuruhusu kutazama karata tano za juu na kuchukua moja isiyo na rangi, yaani isiyodai mana ya rangi maalumu. Katika fungu lililojaa vifaa na ardhi, karibu kila unachokihitaji hakina rangi. Mwaka 2017 ikatoka Whir of Invention, inayokitafuta kifaa ndani ya rundo na kukiweka mezani moja kwa moja, nayo ikapokelewa mara moja.

Gharama nayo isifichwe. Taa ilikuwa rahisi, lakini Mox Opal iliyokuwa ikilipa mana za mwanzo ilikuwa ghali, na ilipopigwa marufuku katika Modern, mfumo wa mashindano ambamo fungu hili lilichezewa, Januari 2020, fungu hili lilipata pigo kubwa. Mchezo wake pia ni wa polepole, na raundi ya mashindano huwa na dakika 50, hivyo anayelichezea hana budi kuamua haraka. Wapo wanaolichukia, wakisema kwamba kukaa mbele ya mtu anayekuchagulia kila karata unayolamba hakuna raha yoyote. Nawaelewa. Hata hivyo, lawama hiyo inahusu ladha, nayo haiondoi ukweli kwamba watu waliosoma kwa makini karata nne au tano zilizoachwa na wengine walifika kileleni.

Ninakubali kwamba karata nyingi zilizoachwa zimeachwa kwa haki, na mtu anaweza kuzipekua mamia asipate hata moja ya kujengea. Lakini mazoezi ya kuzipekua ndiyo yanayomfanya mchezaji ajue kwa nini fungu la bingwa lina nakala tatu za karata fulani badala ya nne, jambo ambalo anayenakili orodha hataligundua kamwe.

Kwa hiyo ninapendekeza kwamba, mkiendelea kuchapisha orodha za mafungu ya mabingwa, mtenge pia kipande kidogo cha ukurasa huo kwa ajili ya karata moja isiyothaminiwa, mwandike maneno yake yote kwa Kiswahili, bei yake msiitaje, kisha muwaombe wasomaji wawaletee karata 56 za kuiweka pamoja na nakala zake nne, kila moja ikiwa na sababu iliyoandikwa. Mimi niko tayari kuleta orodha ya kwanza.

Wako mwaminifu,
Mchezaji na msomaji wenu,
Dar es Salaam