Barua kwa Mwanangu: Asilimia 40 ya Nini?

Mwanangu mpendwa,

Ni saa tisa usiku. Wazee wangu wamelala wote isipokuwa yule wa chumba cha mwisho, anayepiga kengele kila nusu saa kuuliza kama basi la shule limeshafika. Nina dakika arobaini za mapumziko na rundo la karatasi za zamu zisizo na kazi, kwa hiyo nakuandikia kwa mkono. Tangu Jumapili tukianza mazungumzo garini wewe hugeukia dirisha, mimi sauti hunipanda, na yameishia hapo.

Najua kilichokuudhi. Simu ya yule kocha wa besiboli wa chuo cha kusini mwa Marekani uliingoja wiki tatu. Ilipoita ukaiweka kwenye spika, ukaiegemeza kwenye kopo la unga, nami niko jikoni na chapati kikaangoni. Akasema wanakutaka. Akasema mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye utulivu kama wako hapatikani kila siku. Akasema watakupa ufadhili wa asilimia 40. Ukarusha ngumi hewani. Nami nikauliza, kwa Kiingereza changu cha Voi, "Asilimia 40 ya nini?" Akanyamaza. Ukaniangalia kana kwamba nimemmwagia mgeni chai mapajani. Chapati ikaungua upande mmoja, na hiyo ndiyo uliyokula bila kusema neno.

Jibu limekuja Jumanne kwa barua pepe, nawe umelisoma: asilimia 40 ya karo peke yake, chakula na malazi hayamo. Sasa tupige hesabu kwa penseli. Karo ya chuo kile kwa mtoto wa kutoka nje ya jimbo ni dola 34,000 kwa mwaka. Ukitoa asilimia 40 unabaki na 20,400. Karo ya mwenyeji wa jimbo lao ni 12,500. Soma tena polepole. Mtoto wa jirani yake kocha, asiyepewa hata senti moja ya besiboli, atalipa 12,500, na wewe uliyebembelezwa kwa simu utalipa 20,400. Ongeza chumba na chakula, 15,000, unafika 35,400 kabla hujapanda ndege kurudi nyumbani Krismasi.

Tena huyo mwenyeji huenda hata hiyo 12,500 haigusi. Majimbo kadhaa ya kusini yana pesa zao za kuwalipia vijana wao wenye alama nzuri. Georgia walianza mwaka 1993 kwa pesa za bahati nasibu, Florida na Tennessee wakafuata, Louisiana wana mpango wao. Kocha wa chuo cha umma huko anawajaza vijana wa nyumbani ambao jimbo linawalipia, kisha mfuko wake wa besiboli anautumia kuwavuta wa mbali. Kwake yeye ni biashara nzuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hapo ndipo utaelewa kwa nini kocha wa chuo cha hapa Minnesota alikupa kile ulichokiita matusi: nafasi katika timu na pesa za vitabu. Ulitupa begi sakafuni. Ulisema kwenu hawakuthamini, wa mbali ndio wanaokuona. Lakini yeye amefanya hesabu ambayo wewe hukuifanya. Tangu vuli ya 2024 jimbo hili lina mpango unaoitwa North Star Promise: familia ambayo mapato yake hayafiki dola 80,000 kwa mwaka, mtoto wake hulipiwa karo iliyobaki katika vyuo vya umma vya hapa. Sisi tuko watatu nyumbani na mshahara ni mmoja, tumo ndani bila wasiwasi. Na neno lenye uzito ni "iliyobaki". Pesa ya jimbo huingia mwisho, baada ya misaada mingine yote kuhesabiwa, kwa hiyo kocha akikupa elfu tatu za karo, jimbo litatoa elfu tatu pungufu. Atoe ya nini? Amekuwekea kiti, ya karo ameiacha iletwe na Minnesota. Kwetu inabaki kama 13,000 za chumba na chakula, au ulale kwenye kitanda chako hapa Brooklyn Park upande basi kila asubuhi.

Toa hizo 13,000 kwenye zile 35,400 za kule: tofauti ni dola 22,400 kwa mwaka, 89,600 kwa miaka minne. Ni zaidi ya mshahara wangu wa miaka miwili ukishakatwa kodi.

Sasa nikupe haki yako, kwa sababu si kila ulichosema garini ni cha utoto. Baridi ni kweli. Msimu wa vyuo huanza katikati ya Februari, na Februari hapa mpira ukianguka nje unautafuta kwa koleo. Timu za huku hushinda wiki za mwanzo safarini kusini, au huchezea ndani ya uwanja uliofunikwa wa futiboli ya Kimarekani. Vijana wa kusini hurusha nje karibu mwaka mzima. Na ubingwa wa vyuo wanaochezea Omaha kila Juni umekwenda upande wao: baada ya Ohio State kuutwaa mwaka 1966, Big Ten, ligi ya vyuo vikubwa vya huku kaskazini, ilikaa zaidi ya nusu karne bila bingwa. Michigan walifika fainali 2019, wakafungwa na Vanderbilt ya Tennessee. Ukiniambia unataka kucheza kwenye jua mbele ya watu elfu kumi, sikucheki. Mimi mwenyewe nimecheza raundasi shule ya msingi, miguu peku kwenye vumbi jekundu, na hadi leo nakumbuka siku darasa zima lilipotoka nje kututazama.

Lakini usinitajie Paul Skenes, yule mrushaji nyota, kila mara. Ndiyo, ni wa California, ndiyo, alichukua ubingwa na LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mwaka 2023 na kuchaguliwa wa kwanza kabisa na timu ya kulipwa ya Pittsburgh. Ila hakwenda Louisiana akitoka sekondari. Alikaa kwanza miaka miwili katika chuo cha jeshi la anga kule Colorado, akafika LSU akiwa mwanamume mzima, bei yake inajulikana. Siku hizi makocha wakubwa wananunua ndizi iliyokwisha iva. Mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo hadi chuo, na kocha akiwa na nafasi moja, mbele yake kuna kijana wa miaka 21 aliyekwisha kabili wapigaji wa vyuo na kijana wa miaka 17 mwenye video nzuri. Wewe ungemchukua nani?

Ukitaka mifano, tazama ng'ambo ya mto. Saint Paul imetoa watu wanne walioingia Jumba la Heshima la besiboli. Dave Winfield na Paul Molitor walibaki chuo cha nyumbani, hapo hapo Minneapolis. Jack Morris, mrushaji kama wewe, alikwenda Utah, kisha akarudi kuwarushia Twins, timu ya kulipwa ya hapa, vipindi kumi bila kuruhusu pointi katika mchezo wa saba wa fainali ya mwaka 1991. Joe Mauer alikuwa ameahidi kwenda Florida kucheza futiboli ya Kimarekani, Twins wakamchagua wa kwanza 2001 na chuo hakukikanyaga. Wawili wamebaki, mmoja ameondoka, mmoja hakwenda popote. Anayekwambia njia ni moja anakuuzia kitu.

Kinachoninyima usingizi hata zaidi ya dola ni namba nyingine: 34. Kwa miaka mingi chuo cha daraja la kwanza la michezo kilikuwa na skolashipu 11.7 tu za besiboli, zikigawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27. Ndiyo maana kila mtu alipewa kipande, robo au theluthi, na wazazi wakazoea kushangilia vipande. Baada ya maamuzi ya mahakama ya Juni 2025 kuhusu michezo ya vyuo, vyuo vilivyoingia kwenye mpango mpya havina tena kikomo cha skolashipu ila vina kikomo cha watu: 34 kwenye timu, basi. Kuruhusiwa kutoa si kulazimishwa kutoa, kwa hiyo vipande vipo bado. Ila wa 35 hana mahali pa kukaa. Na ufadhili wa besiboli aghalabu huandikwa mwaka mmoja mmoja. Bega likikuuma mwaka wa pili, au kocha huyu mwenye maneno matamu akipata kazi kwingine, hapa utakuwa mwanafunzi wa kawaida ambaye karo yake inalipwa vile vile. Kule utakuwa mgeni wa jimbo, bila timu, unadaiwa 34,000 kamili.

Nilitaka kuishia kwenye namba. Lakini umeniuliza mbele ya dadako kwa nini kila jambo jema kwangu lazima litiwe shaka kwanza, na hilo namba hazilijibu.

Mimi nilikuja nchi hii na barua. Hujawahi kuiona, iko kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa. Ilisema chuo kimenipokea kusomea unesi na kwamba nimepewa msaada wa dola 4,000 kwa mwaka. Babu yako aliisoma kwa sauti uani, akaitafsiri neno kwa neno kwa majirani. Dola elfu nne! Kwa shilingi ilikuwa pesa ambayo hakuna mtu pale aliwahi kuishika. Ikafanywa harambee, chifu akawa mgeni rasmi, kina mama wa kanisa wakaleta noti zimekunjwa kwenye leso, babu akauza ng'ombe wawili kwa ajili ya tiketi. Watu zaidi ya mia walikuwa pale siku hiyo, walimu wakiwemo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza elfu nne ya ngapi.

Ilikuwa elfu nne ya elfu kumi na tisa. Niliyajua hayo kwenye dirisha la mhasibu, theluji inanitiririka viatuni. Nilisoma mwaka mmoja na miezi miwili. Babu alipofariki sikuwa na nauli, wala nisingeweza kuondoka na kurudi. Nilimzika kwa simu ya kadi, shangazi yako ameinyanyua hewani ili nisikie nyimbo, kadi ikaisha kabla hawajamshusha. Kwa hiyo mimi si nesi. Mimi ni yule anayemsaidia nesi.

Sisemi kwamba nisingepaswa kuja. Ningerudishwa siku ile ningekuja tena, maana nyinyi mko hapa. Ila ningeuliza swali moja mapema.

Na nikiri hili, kwa sababu utalifikiria hata nisipolisema: ndiyo, nataka uwe karibu. Nikiona kiti chako kitupu nitalia. Lakini penseli haikujua hilo, na nimerudia hesabu mara tatu.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuipa hata dakika. Minnesota ina mkataba wa karo na majirani, kwa hiyo mtoto wa hapa akienda Dakota Kaskazini, Dakota Kusini au Wisconsin halipi bei ya mgeni. Wisconsin kile chuo kikubwa cha Madison kilifuta besiboli mwaka 1991, hapo hapana kitu. Lakini Fargo ya Dakota Kaskazini wanacheza, Brookings ya Dakota Kusini wanacheza, wote daraja la kwanza. Fargo ni kati ya saa tatu na nne kwa gari, Brookings ni hivyo hivyo. Ni mbali kiasi cha kunikosa, na ni karibu kiasi kwamba naweza kutoka zamu Ijumaa nikafika kabla hujaanza kupasha mkono. Na yule kocha wa jimbo jirani amekuja kukutazama mara mbili. Mara ya pili ulikuwa mwezi wa nne, mvua ya barafu, wenye vidude vya kupimia kasi wote wamekimbilia magarini. Yeye alibaki nyuma ya wavu na kofia yake imelowa. Ulipompa mpigaji mipira minne nje mfululizo ukatembea mwenyewe nyuma ya kilima cha kurushia, ukajifuta mkono, ukarudi. Aliandika kitu kwenye daftari wakati huo, si uliporusha maili 88 kwa saa. Mimi nilimwona. Hajapiga simu ya mbwembwe. Aliuliza alama zako za hesabu.

Wa kusini anapiga tena Jumapili. Maneno ya simu hayamfungi yeye wala wewe, na hata ile barua ya zamani waliyokuwa wakitia sahihi ilifutwa 2024. Kinachofunga sasa ni mkataba wa ufadhili wenyewe, na huo hautiwi sahihi kabla ya Novemba. Una muda. Muulize wewe, kwa sauti yako, mimi sitakuwa jikoni: ni ya mwaka mmoja au minne? Nikiumia je? Warushaji wangapi wa kushoto unao tayari, na wangapi unangojea kutoka vyuo vingine? Asipopenda kuulizwa, hilo nalo ni jibu. Akijibu vizuri, tena akapandisha, njoo na karatasi tukae mezani, nami nitaisoma kama ninayoisoma kwa mara ya kwanza.

Kengele inalia, basi la shule tena. Chapati ziko kwenye hotpoti, hizi hazijaungua. Jumamosi nimebadilishana zamu, kwa hiyo mchezo wa saa nne nitakuwepo, upande wa beisi ya kwanza kama kawaida. Blanketi nimeshaliweka garini.

Mamako